Kushukuru Si Kuomba Tena

Jumapili moja, wakati wa shuhuda, bibi mmoja wa usharika wetu alisimama kutoka benchi la nyuma. Alijishikiza kwenye benchi la mbele yake, akasema Bwana asifiwe, tukaitika. Akasema anamshukuru Mungu kwa kuwa amelala na ameamka. Kwa kuwa maji ya bomba yalitoka usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya kukauka siku nne. Na kwa kuwa mjukuu anayemlea amekula na kwenda shule wiki nzima bila kukosa hata siku moja. Hapo mwongoza ibada, kijana mwenye adabu zake, akamkatiza kwa upole: “Amina, bibi, amina. Sasa ushuhuda wenyewe ni upi?” Bibi akamtazama. Akajibu kwamba ndio huo. Watu wakapiga makofi machache ya kumsindikiza akae, na kipaza sauti kikapelekwa kwa baba mmoja aliyekuwa amepata gari.

Sina neno na gari la yule baba. Alilihangaikia miaka mingi, na alipolipata alikuja kumshukuru Mungu mbele ya watu, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nina neno na lile swali. Kijana hakulitunga yeye. Tumemfundisha sisi, mwaka baada ya mwaka, kwa namna tunavyochagua nani apewe kipaza sauti, kwa dakika ngapi, na nani apigiwe vigelegele.

Imezoeleka siku hizi, mijini hasa, kwamba neema ya Mungu huonekana pale tu jambo linapovuka kawaida. Kazi iliyopatikana bila kujuana na mkubwa yeyote, viza iliyotoka dakika za mwisho, uvimbe uliotoweka kabla ya upasuaji: hizo ndizo shuhuda. Kuamka, kupumua, kula ugali na mchicha, kumwona mumeo amerudi salama kutoka kazini, hayo tunayaita mazoea, na mazoea hayashuhudiwi. Juu ya hayo tumeweka msemo ambao nimeusikia madhabahuni na harusini, misibani na kwenye vikao vya kamati: kushukuru ni kuomba tena. Mtu anakwenda mbele na bahasha yake ya shukrani ya pekee, na kabla hajaifikisha, anatangaziwa kwamba Mungu anakwenda kumfungulia mlango mkubwa kuliko huo aliokuja kuushukuru. Sala inayofuata haitaji kabisa alichopokea. Inataja anachotarajia.

Nayapinga mambo haya mawili, na nayapinga kwa pamoja kwa sababu yana mzizi mmoja. Mtu akishaamini kwamba alichonacho leo hakitoshi kuitwa neema, hana la kufanya na shukrani isipokuwa kuigeuza ngazi ya kufikia cha kesho. Akifanya hivyo hamshukuru tena Mungu, bali anamkumbusha.

Wanaoutetea msemo huo hupenda kukimbilia habari ya wakoma kumi katika Luka 17. Kumi walitakaswa, mmoja akarudi, na huyo mmoja, wanatuambia, ndiye aliyepata zaidi kwa sababu alirudi. Naomba tuisome tena habari hiyo bila haraka. Yule Msamaria alirudi akipaza sauti, akaanguka miguuni pa Yesu, akashukuru. Hakuomba chochote. Ombi lake alikwisha kulitoa akiwa amesimama mbali pamoja na wenzake, na lilikwisha kujibiwa njiani. Yesu alimwambia imani yake imemwokoa, na maneno hayo mtu anaweza kuyaita nyongeza akitaka. Lakini Msamaria hakuyafuata hayo. Kama kushukuru kungekuwa kuomba tena, basi wale tisa wangekuwa na udhuru mzuri sana: hawakuwa na ombi la pili.

Na kile alichokipata kilikuwa nini hasa? Mkoma katika sheria ya Walawi alikaa nje ya kambi, nguo zimeraruliwa, akipiga kelele kwamba yeye ni najisi ili watu wampishe. Kutakaswa kwake hakukumpa mali wala cheo. Kulimpa ruhusa ya kurudi nyumbani. Kulala chini ya dari moja na wanawe, kununua chumvi sokoni bila watu kukimbia, kuugusa mkono wa mkewe. Yaani muujiza ule mkubwa, tukiufungua na kutazama ndani yake, tunakuta siku ya kawaida. Kile tunachodharau kukishuhudia ndicho alichokirudia mbio kukishukuru.

Tazama na miujiza mingine ya Injili. Mama mkwe wa Petro anashikwa mkono, homa inamwacha, naye anainuka na kuanza kuwahudumia wageni, kama alivyofanya siku zote kabla ya homa. Binti wa Yairo, mtoto wa miaka 12, anafufuliwa. Nyumba nzima imepigwa na bumbuwazi, na Yesu anaagiza jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelikumbuka, kwamba mtoto apewe chakula. Lazaro anatoka kaburini, na tunapomkuta tena katika Yohana 12 hahutubii mikutano juu ya mauti. Ameketi mezani anakula, na Martha anaandaa. Kila mara nguvu ya Mungu inapoingia kwa kishindo, mlango inaoufungua ni wa jikoni. Mungu mwenyewe hufanya mambo makubwa ili watu warejeshewe madogo, halafu sisi tunasimama madhabahuni kutangaza kwamba madogo si ushuhuda!

Mimi hili sikulijifunza kwa kusoma. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, figo zake zilikataa kazi akiwa hajafikisha miaka 60. Kwa miezi mingi nilimsindikiza kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, sindano mbili mkononi, macho yake kwenye dari. Nilikuwa sijui figo ni kitu gani. Ni viungo viwili, kila kimoja ukubwa wa ngumi, na kwa pamoja huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kila siku, zikirudisha mwilini karibu zote na kutoa kiasi kidogo tu kama mkojo. Hufanya hivyo tukiwa usingizini, tukiwa kwenye daladala, tukiwa kanisani tunalalamika kwamba Mungu amenyamaza. Mashine ile, kubwa kama kabati, yenye umeme, maji safi, dawa na muuguzi wa kuisimamia, ilikuwa inafanya sehemu tu ya kazi hiyo. Siku moja mjomba aliniambia, bila masikitiko, kwamba maisha yake yote ya ukristo amewahi kumshukuru Mungu kwa shamba, kwa watoto, kwa bati za nyumba, lakini hajawahi kumshukuru kwa kukojoa. Alilitamka neno hilo lilivyo, na mimi naliandika lilivyo, kwa kuwa alikuwa anaungama.

Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema “sina ushuhuda wiki hii,” moyo unaniuma. Huna ushuhuda? Figo zako zimefanya kazi siku saba.

Najua jibu linalokuja. Mwinjilisti mmoja aliwahi kunijibu kwamba mambo haya huwapata hata wasiomjua Mungu. Mwizi naye ana figo, mlevi naye huamka. Kwa hiyo hayawezi kuwa ushuhuda wa wokovu. Hoja hiyo ina sura ya kiroho, lakini Yesu mwenyewe anaikataa katika hotuba ya mlimani. Anasema Baba wa mbinguni huwaangazia jua waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kwake yeye, jua kumwakia mwizi ni ushahidi wa jinsi Mungu alivyo mwema kupita kiasi. Kitu hakipungui uzuri kwa kuwa jirani yangu naye amepewa. Kama neema ni lazima iwe ile niliyopewa mimi na wengine wakanyimwa, basi tunachokisherehekea ni kuwapita wenzetu.

Jibu la pili ni zito kidogo: kwamba shuhuda kubwa hujenga imani. Watu wakisikia makuu wataamini. Ingekuwa hivyo, Waisraeli wangekuwa taifa lenye imani kuliko yote. Waliiona bahari ikigawanyika. Siku tatu tu baadaye, kwa mujibu wa Kutoka 15, walikuwa mahali panapoitwa Mara wakinung'unika juu ya maji machungu. Muda si mrefu wakakumbuka sufuria za nyama za Misri. Na Mungu alijibu manung'uniko yale kwa kitu kidogo kabisa, chembe nyeupe juu ya ardhi baada ya umande kukauka, kitu ambacho hawakukijua hata wakaulizana ni nini hiki, na swali hilo likawa ndilo jina lake, mana. Pishi moja kwa kila mtu, kwa siku moja. Aliyekusanya zaidi hakuzidiwa, aliyekusanya kidogo hakupungukiwa, na aliyeweka akiba hadi asubuhi aliikuta ina wadudu na inanuka. Bahari ilifunguka mara moja. Mana ilianguka miaka 40. Ukiniuliza ni lipi lililowafundisha kumtegemea Mungu, nitakuonyesha lile la asubuhi kwa asubuhi.

Eliya naye. Alishusha moto kutoka mbinguni juu ya Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali. Hakuna mkutano wa injili uliowahi kuwa na ushuhuda wa namna hiyo. Katika sura inayofuata amekimbia, amejilaza chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hakumletea moto mwingine. Alimpa usingizi. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa tena ale. Nabii aliyechoka na miujiza aliponywa kwa chakula na kulala.

Na kama mtu anadhani ninayakuza madogo kwa kuyashusha makubwa, basi aisome Zaburi 136. Zaburi hiyo ina mistari 26, na kila mmoja unaitikiwa kwa kiitikio kimoja juu ya fadhili za Mungu zisizokoma. Inapanda kama ngazi: kuumbwa kwa mbingu, jua na mwezi, mapigo ya Misri, Bahari ya Shamu, wafalme wakuu kuuawa, Sihoni, Ogu, nchi ya urithi. Msikilizaji anangoja kilele. Mstari wa 25, ule unaotangulia wa mwisho, unasema Mungu huwapa chakula wote wenye mwili. Baada ya bahari na wafalme, chakula. Na wote wenye mwili, yaani mbuzi wa jirani naye yumo.

Lugha yetu yenyewe imelijua hili siku nyingi kuliko mimbari zetu. Mkulima akiona mvua imenyesha vizuri na mahindi yamebeba, husema mwaka huu ni wa neema. Mchungaji akihubiri msalaba, husema tumeokolewa kwa neema. Ni neno lile lile, na sijawahi kumsikia Mswahili akitatizika. Ukimsalimia mtu asubuhi, umeamkaje, anakujibu namshukuru Mungu, na jirani yetu Mwislamu anakujibu alhamdulillahi. Jibu hilo hatulipimi kwanza kama usiku wake ulikuwa na tukio. Tunafanya teolojia nzuri sana kwenye salamu, Jumatatu hadi Jumamosi, kisha Jumapili tunaiacha mlangoni.

Mafundisho haya mabaya yana gharama yake. Tarehe 1 Februari 2020, katika viwanja vya Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada, walipokuwa wanasongamana kuyakanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwalaumu marehemu hata kidogo. Walikuwa ndugu zetu, wengine wakiwa na watoto mgongoni na shida halisi moyoni. Lakini wale tunaofundisha tunapaswa kujiuliza ni nani aliyewaambia watu hawa, kwa miaka mingi, kwamba Mungu yuko pale mbele kwenye mafuta na hayuko kwenye kikombe cha uji walichokunywa asubuhi ile. Mtu aliyefundishwa kwamba nyumbani kwake hakuna neema atakimbia. Atakimbia hata akimkanyaga mwenzake.

Nimeacha hoja moja hadi sasa kwa sababu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Dada mmoja katika kikundi chetu cha Biblia aliniambia hivi: “Kaka, wewe unawafundisha maskini waridhike. Bibi anashukuru kwa maji ya usiku wa manane, wakati alistahili maji kila saa. Shukrani yako inawalinda wanaomnyima.” Nililala na maneno hayo.

Ni kweli kwamba yako mahubiri ya aina hiyo. Kuna wanaomwambia mjane amshukuru Mungu kwa kufiwa, na mfanyakazi asiyelipwa miezi mitatu ashukuru kwa kuwa na kazi. Hao hunukuu agizo la Paulo kwa Wathesalonike juu ya kushukuru. Lakini katika Kiyunani Paulo anasema tushukuru katika kila jambo, na “katika” si “kwa ajili ya.” Katikati ya msiba yako ya kushukuru: watu waliokuja, usiku uliopita, pumzi ya walio hai. Lakini msiba wenyewe hatuamriwi kuusifu. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro.

Lakini shukrani yenyewe haimlindi mnyimaji. Nadhani inamuumbua. Anayeamini kwamba maji ni zawadi ya Mungu hawezi kukubali kirahisi kwamba ni fadhila ya mkubwa fulani, wala kwamba mtaa mmoja uyapate na mwingine ukose. Katika Sala ya Bwana hatuombi riziki yangu, tunaomba yetu. Na neno la Kiyunani linaloeleza riziki hiyo, epiousios, ni la ajabu: Origen, mwanazuoni wa Kanisa wa karne ya 3, aliona kwamba halitumiki na waandishi wala watu wa kawaida, na akadhani wainjilisti walilibuni. Wataalamu wanabishana hadi leo, ni ya leo, ni ya siku inayokuja, ni ya kutosha kuishi. Katika maana zote hizo hakuna inayoruhusu ghala langu lijae huku la jirani likiwa tupu. Mana ilioza kwa aliyelimbikiza. Yule anayeshukuru kwa kibaba cha leo ndiye anayejua kwa hakika kwamba mwenzake naye aliwekewa kibaba, na akikikosa, kuna mtu amekichukua. Anayesubiri muujiza wake binafsi hana sababu ya kuuliza kuhusu bomba la mtaa. Anasubiri Mungu amhamishie mtaa mwingine.

Wala shukrani ya namna hii si ya walioshiba. Martin Rinkart alikuwa mchungaji wa mji wa Eilenburg, Saksonia, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Mji ulijaa wakimbizi, ukapata tauni na njaa. Mwaka 1637 alizika watu zaidi ya 4,000, na mkewe alikuwa miongoni mwao. Ni mchungaji huyo aliyetunga wimbo wa shukrani unaoimbwa na Walutheri duniani kote, na wimbo huo mkubwa, wenye kupigiwa kinanda kwenye sherehe za mataifa, ulianza kama sala fupi ya mezani. Sala ya mezani, katika miaka ya vita. Sidhani Rinkart alikuwa anaomba tena.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu upande wa Bukoba, ulijengwa juu ya ushuhuda kuliko juu ya kitu kingine chochote. Na wazee wetu walishuhudia nini? Mtu alisimama akasema alimwibia mwajiri wake sukari na ameirudisha. Mwingine alisema amemfokea mkewe asubuhi na wamesameheana kabla ya ibada. Waliita kutembea nuruni. Ndani ya shuhuda zile hapakuwa na nyumba wala safari. Palikuwa na siku ya jana na neema iliyoifikia. Katika vizazi viwili tumetoka kwenye sukari iliyorudishwa hadi kwenye gari lililonunuliwa, na tunaendelea kuita vyote viwili ushuhuda.

Ninachodai si kikubwa. Wenye shuhuda za magari waendelee. Lakini kiongozi wa ibada asiulize tena swali lile, na asimtabirie mlango mwingine mtu aliyekuja kushukuru kwa huu. Amwache amalize.

Jumapili ile ilikuwa ya mavuno, na baada ya ibada palikuwa na mnada nje, chini ya mwembe. Mikungu ya ndizi, maboga, jogoo aliyefungwa miguu, trei za mayai. Nilimtafuta bibi nikamkuta amekaa kwenye kivuli. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamwomba radhi kwa alivyokatizwa, nikamuuliza kama alikuwa na la zaidi.

“Nilikuwa sijamaliza, mwanangu,” akasema. Akanieleza kwamba maji yalipotoka, saa nane za usiku, alijaza ndoo zake mbili, kisha akaenda kumgongea jirani, mama mwenye mapacha, maana angelala yangempita. Wakakinga pamoja hadi yakakatika. Kulipokucha mjukuu akaoga, akavaa sare iliyofuliwa. Alikuwa anataka kusema kwamba alimtazama mtoto akienda, sare inang'aa, mpaka akapinda kona.

Kwenye mnada walikuwa wamefikia mayai. Bibi akanyoosha mkono, akataja bei.